Hakurudi na Hajarudi

Kanuni ya wakati uliopita katika Kiingereza hufundishwa kwa siku moja na hujifunzwa kwa miaka. Mwalimu huandika ubaoni kitenzi "walk", hukiongezea herufi mbili mwishoni, kikawa "walked", na huwaambia wanafunzi kuwa hiyo ndiyo alama ya jambo lililokwisha. Siku ya pili huja vitenzi vikaidi, navyo ndivyo vinavyotumika zaidi katika maisha ya kila siku: "come" huwa "came", "eat" huwa "ate", "give" huwa "gave". Kilichopita vyote kwa ukaidi ni "go", kwani kilipoteza wakati wake uliopita kabisa, kikaazima "went" kutoka kwa kitenzi kingine cha kale, "wend". Tena vipo visivyobadilika hata kidogo, kama "cut", "shut" na "hurt". Anayeumiza kila siku na aliyeumiza jana hutajwa kwa neno lile lile.

Ukitaka kukanusha, alama ya wakati huhama. Hukiacha kitenzi ikampanda msaidizi, "did", na kitenzi hurudi katika umbo lake la asili kana kwamba hakikupata kuguswa na wakati: "He did not go." Mwanafunzi wa kwetu aghalabu huandika "did not went", akaitwika sentensi mzigo mara mbili, na mwalimu humkosoa. Nimeikosoa sentensi hiyo mara zisizo na hesabu katika miaka niliyofundisha Kiingereza mkoani Mtwara, karibu na pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Lakini insha hii inahusu sentensi nyingine, ambayo haikuwa na kosa, nami nikaikosoa.

Ilikuwa mwaka 2022, darasa la Kidato cha Pili. Zoezi lilikuwa la kawaida: kila mwanafunzi aandike sentensi tano juu ya jamaa zake katika wakati uliopita. Msichana mmoja, hodari na mkimya, aliandika kuwa bibi yake alilima muhogo, kuwa kaka yake alinunua baiskeli, kuwa mama yake alisuka mikeka, na kuwa mwaka 2021 baba yake alikwenda Palma. Sentensi ya tano ilisema: "He has not come back." Nilikata maneno matatu kwa wino mwekundu, juu yake nikaandika "did not come". Nikampa alama nne kwa tano.

Alinifuata baada ya kipindi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, hapa umeniandikia hakurudi."

"Ndiyo. Zoezi ni la wakati uliopita."

Alinyamaza kidogo, akilitazama daftari. "Nyumbani hatusemi hakurudi," akasema. "Tunasema hajarudi."

Nilimweleza kanuni. Nilimweleza kwa upole, na kila nililosema limo vitabuni. Alinishukuru, akaenda zake. Alama nne zikabaki nne.

Kwa msomaji aliye mbali na kusini, yafaa nieleze Palma ni wapi. Ni mji mdogo wa pwani ya Msumbiji, kusini kidogo ya mlango wa Ruvuma. Mpaka uliopo hapo ni kazi ya Wajerumani na Wareno, nao wenyewe hawakukubaliana mara moja: Kionga, kipande cha nchi kilicho kusini ya mlango wa mto, kilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikawa mikononi mwa Wareno. Watu hawakuhama kila mpaka ulipohama. Wamakonde wako ng'ambo hii na ng'ambo ile, na Kimwani kinachosemwa katika pwani ya Cabo Delgado ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu wengi walivuka kuja upande wetu. Katika siku za amani, mvuvi na mchuuzi wa huku huvuka kwenda huko kama mtu wa Unguja avukavyo kwenda Bagamoyo: ana jamaa huko, ana wadeni, pengine ana mke.

Oktoba 2017 mashambulizi yalianza katika mji wa Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi 2021 yalifika Palma yenyewe, na maelfu ya watu wakakimbia, wengine kwa miguu kupitia msituni, wengine kwa mashua. Waliofika salama walihesabiwa. Waliofariki, wengine walizikwa. Wakabaki wale ambao hapana ajuaye waende katika hesabu gani. Ni hao ambao sarufi inalazimika kuwatafutia kauli.

Kiswahili kina kauli mbili kwa jambo hili. "Hakurudi" hukanusha "alirudi". "Hajarudi" hukanusha "amerudi". Kauli ya kwanza inachukulia kuwa muda maalumu ulikuwapo, muda huo umepita, na mhusika hakutokea. Jana hakurudi; msimu ule hakurudi. Kauli ya pili inachukulia kuwa muda ungali wazi na msemaji mwenyewe angalimo ndani yake. Kiambishi -ja- kimebeba "bado" tumboni mwake, hata neno lenyewe lisipotamkwa. Asemaye "hajarudi" hatoi ahadi kuwa mtu atarudi, wala hatabiri. Anatuarifu kuwa hesabu haijafungwa.

Tazama namna tunavyozitumia kauli hizi mbele ya mauti. Juu ya marehemu twaweza kusema kwamba alikwenda safari na hakurudi. Hatusemi hajarudi. Akili zetu zinakataa, kwa kuwa -ja- inadai mtu wa kungojewa. Kwa hiyo nilipolikata neno la yule mtoto na kuweka "did", kwa herufi tatu nilimzika mtu ambaye jamaa zake hawakumzika. Sikuwa na maiti wala shahidi. Nilikuwa na kalamu nyekundu na kichwa cha zoezi.

Haifai hapa tukimbilie kukilaumu Kiingereza, kama ilivyo desturi ya baadhi yetu tunaoipenda lugha yetu. Kiingereza kinayo kauli ya kufanana na hajarudi, na yule msichana aliijua na aliitumia sawasawa. Wanasarufi wa lugha hiyo wamekwisha kuona kwamba wakati wao timilifu nao, aghalabu, humtaka mhusika awe hai: haisemwi kuwa Shakespeare "has visited" mji fulani, kwa sababu mlango wa maisha yake umekwisha fungwa. Lugha zote mbili, basi, zilikuwa upande wa mtoto. Aliyekuwa upande wa pili ni mimi, pamoja na mazoea ya darasa yanayotaka kila sentensi ivae sare ya somo la siku hiyo.

Nasikia mtu akiniambia: zoezi ni zoezi. Sentensi za darasani si ushahidi wa mahakamani. Katika vitabu vyetu vya Kiingereza kuna akina John waliopiga mipira isiyokuwapo, wala hapana aliyekwenda kuwatafuta. Mwanafunzi angaliweza kuandika jambo jingine lolote, akapata alama zake tano. Hoja hii si dhaifu. Lugha ngeni haifundishiki bila sentensi za kubuni, na mwalimu anayepima kila mfano kwa mizani ya maisha ya watu hatafika ukurasa wa kumi. Lakini mimi sikuwaomba wanafunzi wabuni. Niliwaomba waandike juu ya jamaa zao. Aliyeomba habari za kweli amepokea amana, na amana haipimwi kwa sarufi peke yake. Laiti ningaliona mapema kuwa mbele yangu kulikuwa na vitu viwili, sentensi na habari, ningaliandika pembeni maneno machache tu: sentensi hii ni sahihi, ila wakati wake ni mwingine. Alama nne zingaliweza kubaki, na baba angaliweza kubaki pia.

Kosa langu lilikuwa dogo, ila lina ndugu zake wakubwa. Historia ya kusini kwetu imeandikwa kwa wingi katika wakati uliopita wa Kiingereza, na si haba mara ambapo wakati huo umetumika kufunga mambo ambayo wenyewe hawajayafunga.

Chukua mradi wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 wakaanza kufyeka misitu ya Tanganyika walime karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani, na Mtwara ikachaguliwa kuwa bandari ya kina kirefu. Mradi ukaachwa mwaka 1951, baada ya kula zaidi ya pauni milioni 35. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, ikizingojea karanga ambazo hazikuwapo tena. Reli ikafungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuyakusanya yote haya katika maneno matatu: "The scheme failed." Hapana kosa la sarufi hapo. Mradi umekuwa ndiye mtenda, umeanguka wenyewe kama embe bivu, na hapana haja ya kuuliza nani alikuwa juu ya mti.

Msimulizi wa Kiswahili ana zana nyingine. Huanza na -li- moja, kisha hufuatisha -ka-: walikuja, wakapima, wakafyeka, wakatandika reli, wakashindwa, wakaenda zao. Hiyo -ka- haina miguu yake yenyewe. Husimama kwa kuegemea kitendo kilichoitangulia, na hicho huegemea kingine, mpaka urudi kwa -li- iliyoanza. Huwezi kulitaja la mwisho bila kuulizwa la kwanza. Kiingereza hupanga vitendo vilivyopita kimoja kimoja, kila kimoja kina alama yake na chaweza kuondolewa katika safu bila wengine kuyumba. Kiswahili huvifunga kama madau yaliyofungwa kamba moja: ukilivuta moja, yote huja. Sisemi kuwa Mswahili ni mwadilifu kuliko Mwingereza, maana twaweza kudanganya kwa -ka- kama wengine wadanganyavyo kwa -ed. Nasema tu kuwa kauli ya -ka- inatukumbusha kuwa tendo lina mzazi. Na mtu wa Nachingwea ukimwuliza habari ya ile reli, huenda asikwambie kuwa ilikufa. Huenda akakwambia kuwa haijarudi.

Mfano wa pili unaanzia visiwani. Mwaka 1870 Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mahali pake pakaanza kujengwa kanisa la Mkunazini. Mwaka 1876 Steere, sasa akiwa Askofu, aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi na kutembea kwenda bara. Wengi wa watu hao asili yao ilikuwa nchi za Ziwa Nyasa, na nia ilikuwa kuwasogeza huko walikotoka. Walipofika Masasi, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Mtwara, wakasimama, wakajenga, wakakaa. Mwaka 1882 kijiji chao kilivamiwa na Wangoni, na baadhi yao wakatekwa tena.

Kitabu cha historia kinasema kuwa walifika Masasi, na ni kweli kwamba walifika. Kwa upande wa misheni safari hiyo ilikuwa imekwisha, na Masasi ilikuwa ndiyo matunda yake. Lakini simama mahali pa mtu mmoja katika lile kundi, aliyechukuliwa utotoni kando ya ziwa, akauzwa, akavushwa bahari, akakombolewa, akavushwa tena bahari, akatembea siku nyingi kuelekea kwao, kisha akaambiwa hapa panatosha. Je, amerudi? Na mama yake kule ziwani, kama alikuwa hai, alikuwa akisema kauli ipi? Steere, aliyeichunguza lugha hii kwa makini kuliko wageni wengi waliomtangulia, alikuwa na jibu la kisarufi mkononi. Jibu la maisha hakuwa nalo, wala simlaumu. Nataka tu tuone kuwa mtu mmoja anaweza kuwa katika wakati uliopita kwenye daftari la mwingine, ilhali katika nyumba ya mamaye bado yumo ndani ya -ja-.

Wahenga walinena: mtenda husahau, mtendwa hasahau. Ningethubutu kuipa methali hiyo sura ya kisarufi. Mtenda hupenda -li-, kwa kuwa -li- humwachilia aende. Mtendwa hubaki na -me- na -ja-, kwa kuwa kwake tendo lingali linafanya kazi.

Hata hivyo, itakuwa si haki kuusifu mlango wazi bila kuutaja uchungu wake. Kungoja kusiko na mwisho nako ni jeraha. Mke wa aliyepotea hajui avae nini, hajui aitwe nani. Si mjane wala si mke mwenye mume. Watoto hawajui kama shamba ni la baba au ni urithi. Kwa watu kama hawa, neno "hakurudi" lingaliweza kuwa rehema, kama lingalitoka mahali pake.

Jambo hili wanazuoni wetu walilipima zamani. Sheria ya Kiislamu ina jina la mtu wa namna hii: mafqudi, aliyepotea ambaye uhai wake na mauti yake havijulikani. Imepokewa kutoka kwa Umar bin Khattab kuwa mkewe angoje miaka minne, kisha akae eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi, kisha ni halali kuolewa. Imam Malik alikwenda na rai hiyo. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, aliikubali katika kauli yake ya zamani. Kisha katika kauli yake mpya akasema kuwa mwanamke hubaki katika ndoa mpaka ipatikane yakini ya kifo au ya talaka. Mwanachuoni mmoja, kauli mbili. Katika ya kwanza kuna huruma kwa anayengoja, na katika ya pili kuna heshima kwa asiyekuwapo kujitetea.

Sina elimu ya kupima kati ya kauli hizo. Ninachokiona ni lile linalozikutanisha. Katika zote mbili, kumtoa mtu kutoka hajarudi mpaka hakurudi ni jambo zito. Linataka muda uliohesabiwa au yakini iliyothibiti, linataka mwenye dhamana ya kuhukumu, na linafanyika mbele ya wale litakaowagusa. Halifanywi na mpita njia. Halifanywi na karani anayetaka orodha yake ijae, wala na mwandishi anayetaka sura ya kitabu chake iishe, wala na mwalimu anayetaka sentensi zake tano zifanane.

Kwa hiyo nadhani swali la kimaadili lililojificha katika wakati uliopita ni hili: nani ana haki ya kulifunga jambo? Jibu ninaloliona ni kuwa haki hiyo ni ya wale wanaobeba uzito wa jambo lenyewe, au ya hakimu wanayemkubali. Wengine sote tunaweza kushuhudia, kuuliza, hata kushauri. Tunayo methali ya fahari isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kinywani mwa aliyeumia, methali hiyo ni ushujaa: ameamua mwenyewe kuwa yamepita. Kinywani mwa aliyeumiza, ni hila: anatumia -li- ya "yaliyopita" kufunika ndwele inayouma leo. Maneno ni yale yale, na haki ya kuyasema ni tofauti.

Wapenzi wa ushairi wana sababu yao ya kulitafakari hili. "Hakurudi" na "hajarudi" zina mizani sawa, nne kwa nne, na kina chake ni kimoja. Mshairi anayechagua moja badala ya nyingine hawezi kujitetea kwa kusema kuwa alibanwa na mizani au alilazimishwa na kina. Yuko huru kabisa, na kwa hiyo anawajibika kabisa. Atakapomwimba mvuvi, baharia, mkimbizi, au ndugu aliyekwenda Arabuni na barua zake zikakatika, silabi moja itaonyesha kama alikwenda kwanza kuwauliza wenyewe.

Siku hizi, ninapofundisha wakati uliopita, huwaomba wanafunzi wagawe ukurasa sehemu mbili kabla ya kuandika Kiingereza chochote. Upande mmoja waorodheshe kwa Kiswahili mambo ambayo wao wenyewe wanajua kuwa yamekwisha. Upande wa pili waweke yale ambayo hayajaisha, hata kama yalianza zamani. Upande wa kwanza ndio tunaoufanyia zoezi la "did" na "went". Upande wa pili hungoja somo jingine, na kuna mambo ambayo huvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili kabla mwaka haujaisha. Anayeyavusha ni mwanafunzi. Mimi hufuata na sarufi.

Yule msichana amekwisha kumaliza shule. Habari za baba yake sizijui, na si zangu kuzitangaza. Daftari lile sikulirekebisha, na kwa hilo hapana budi nitumie -ku-, kwa kuwa limepita na ni tendo langu. Lakini kuhusu yeye mwenyewe ninalo jambo ambalo bado nina haki ya kulichagulia kiambishi. Sijamwomba radhi.